Wapendwa, "cha juu" kinanimaliza. Naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe. Naandika usiku huu kwa sababu mchana nashindwa hata kuanza.

Nina miaka 31, nimeokoka, naimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Dar. Kazini niko manunuzi, kampuni ya malori. Kila wiki natumwa Gerezani, Kariakoo, kuchukua spea. Mnaopajua mnalijua swali unaloulizwa kabla hujatoa pesa: "Kaka, niandike ngapi?"

Mwaka mzima nilijibu aandike bei ile ile. Mkuu wangu wa idara akaanza kuninunia, mwisho akaniita pembeni, akasema aliyekalia kiti hiki kabla yangu alijua kuishi na watu. Nikaelewa. Sasa mke wangu ni mjamzito, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Nikachukua hicho cha juu. Lainingi za breki za 380,000, risiti ikasoma 450,000. Muuzaji akakata kwanza kodi ya ile nyongeza, maana inaingia kwenye EFD, ile mashine ya risiti za kodi, iliyobaki tukagawana mimi na mkuu wangu. Nimefanya hivyo mara tatu. Fungu langu jumla ni 112,000.

Jumapili iliyopita nilikuwa naandaa fungu la kumi. Nikapiga hesabu ya mshahara, halafu kalamu ikasimama: na ile nyingine niitolee? Nikaitolea. Mzee wa kanisa alipofika na kikapu akatabasamu kama kawaida yake, nikashindwa kumtazama usoni. Tangu siku hiyo nikisimama kuimba koo linakaba. Nimefunga siku tatu, sioni nafuu.

Niache kazi? Nibaki nikatae? Na nilichokula nitakirudishaje bila kumchoma mkuu wangu na yule kijana wa dukani?

Muuza Spea

Mkuu, usijitese. Mimi niko biashara hii miaka 12. Hiyo ni asante kwa mteja, kila duka linatoa. Waliookoka wanaochukua ni wengi kuliko unavyodhani, na kampuni yako haitafilisika kwa lainingi.

Bibi wa Karagwe

Mwanangu, pole sana. Na wewe muuza spea, sikukasirikii, ila asante haifichwi ndani ya bei ya mtu mwingine.

Mimi nimezaliwa nyumba ya Walokole, watu wa uamsho. Uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda uliingia kwetu Karagwe na Bukoba, na miaka ya 1950 ukamkuta baba yangu akiwa karani wa kupima kahawa. Siku alipookoka hakukimbilia kushuhudia. Alichukua daftari akapita nyumba kwa nyumba, akimwambia kila mkulima kilo alizompunja. Mama alikuwa akisimulia jinsi mbuzi wetu watatu walivyoondoka wiki ile, mmoja baada ya mwingine, na yeye amesimama mlangoni. Wapo waliomtukana baba. Mzee mmoja alikataa kupokea chochote, wakakaa chini wakalia wote wawili. Sisi kutembea nuruni tulikujua hivyo.

Kufunga ni kuzuri, mwanangu, lakini unamlilia Mungu akuondolee kitu ambacho bado umekishika. Zakayo alisimama mbele ya watu akataja hesabu.

Kuhusu mkuu wako, kwenye ushirika tulifundishwa kutubu ya kwako, si ya mwenzio. Mwendee kwanza mkiwa wawili tu, umwambie umeacha na unarudisha. Ya kwake mwachie yeye na Mungu.

Mhasibu Mstaafu

Naungana na bibi, ila kijana ajue anachokiingia. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa watumishi wa umma, inawagusa wa kampuni binafsi pia, anayetoa na anayepokea. Unaweza kufukuzwa. Zungumza na mchungaji wako kabla hujafungua mdomo ofisini.

Kuacha kazi si lazima. Watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache meza zao, aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Ila ziba njia. Leta profoma, yaani karatasi za bei, kutoka maduka matatu kwa kila spea, fedha iende moja kwa moja akaunti ya duka, mkono wako usishike taslimu tena. Ukibaki na bahasha ya noti mtaa ule kila wiki, utarudi kule kule, nimewaona wengi.

Mama wa Wawili

Mbona hakuna aliyemuuliza kama mkewe anajua? Mume wangu alinificha jambo kama hili miaka miwili. Pesa nilisamehe upesi. Kilichoniumiza ni kwamba nilikuwa nashukuru mezani kwa chakula ambacho yeye alijua kilikotoka. Mwambie leo, kabla ya mchungaji.

Msafiri

Mimi nasema kimbia. Yusufu aliacha vazi mkononi mwa yule mama akatoka mbio.

Mhasibu Mstaafu

Ndugu Msafiri, na Danieli je? Alibaki ofisini kwa mfalme hadi maadui zake walipokagua kazi yake wakakosa pa kumshika. Kijana ana mtoto njiani. Akiondolewa, aondolewe akiwa msafi.

Mleta uzi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jana usiku nilimwambia mke wangu. Alinyamaza muda mrefu, mkono uko tumboni. Kisha akauliza, "Zakayo alirudisha mara nne, siyo?" Nikamwambia hiyo ni 448,000, hatuna. Akaingia chumbani akatoka na pesa ya kitanda cha mtoto, 150,000. Akasema tuanzie hapo, mtoto atalala na sisi.

Leo asubuhi nilikuwa Gerezani. Kijana akauliza niandike ngapi, nikamwambia bei yako ya kweli, leo na siku zote. Akanitazama, akatazama mlangoni kama kuna mtu nimekuja naye, akachapa.

Mchungaji nimeonana naye jioni hii. Jumatatu saa tatu naingia kwa mkuu wangu. Nina hofu. Mniombee saa hiyo.

Bibi wa Karagwe

Saa tatu nitakuwa magotini. Ukitoka tu, andika hapa.