Nimepata uraia wa Marekani, kura yangu nimpe nani?

BintiPangani
Wakuu habari za huko mliko. Mimi niko Houston mwaka wa tisa huu, nafanya kazi ya kulea wazee, uraia nimeapa na cheti cha kupigia kura kimeshafika nyumbani. Siku hii nimeisubiri sana jamani, ila kadiri ninavyofuatilia siasa za hapa ndivyo ninavyokata tamaa. 2025 Bunge lilishindwa kupitisha bajeti, serikali ikafungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, siku 43, mpaka wakati huo haikuwa imewahi kufungwa muda mrefu hivyo, na kila chama kinanyoosha kidole kwa mwenzake. Jirani yangu anakagua mizigo eapoti, alikuwa anaamka saa tisa usiku anaenda kazini bila mshahara. Mama mmoja ninayesali naye ana watoto wanne, pesa ya kadi ya chakula, ule msaada wa serikali, ya mwezi wa 11 ikachelewa tukawa tunamchangia mchele. Na wabunge muda wote huo mshahara wao unahesabika kama kawaida, dola 174,000 kwa mwaka! Mpaka leo sijasikia aliyewaomba radhi wale watu.

Sasa nyie mliotangulia mnapigaje kura? Mnaangalia chama au mtu? Naomba majibu ya ukweli, ushabiki niwekeeni pembeni.

Mzee_wa_Minnesota
Hongera binti yangu kwa uraia, na pole kwa hayo. Mimi napiga kura hapa tangu 2008. Kilichonichosha si wizi, wezi wako kila nchi, ni watu kumkingia mwizi kifua kisa ni wa chama chao. Menendez, seneta wa New Jersey, Mdemokrati, wapelelezi waliingia kwake 2022 wakakuta pesa taslimu karibu dola laki tano, nyingine zimechomekwa kwenye mabuti na mifuko ya makoti, na vipande vya dhahabu juu. Januari 2025 akala miaka 11 kwa rushwa. Santos wa New York, Mrepublikan, huyo alidanganya mpaka shule alizosoma, akafukuzwa bungeni Desemba 2023, mahakama ikampa zaidi ya miaka saba kwa utapeli, hajamaliza hata miezi mitatu gerezani Trump akamfutia kilichobaki akatoka.

Halafu hii misamaha. Biden akiwa rais alisema hatamsamehe mwanawe Hunter, aliyekuwa na kesi za bunduki na kodi, Desemba 2024 akamsamehe. Mwezi mmoja na nusu baadaye Trump anaapishwa, siku hiyo hiyo anasamehe watu kama 1,500 wa lile tukio la Januari 6, 2021 la kuvamia Bunge. Kazini kwangu waliochukia ule msamaha wa Desemba ndio hao hao waliokaa kimya Januari, na waliokuwa kimya Desemba ndio wakaja kupiga kelele Januari. Nilikuwa nakula nao meza moja, wote nawapenda, lakini siku ile niliumia kweli.

Nesi_Ohio
Mzee shikamoo. Hapo kwenye kuwaweka wote kapu moja naomba nikupinge kidogo. Menendez alishtakiwa wakati rais ni wa chama chake mwenyewe na maseneta wengi wa chama chake walimwambia ajiuzulu. Santos alifukuzwa bungeni kwa kura 311 kwa 114 na Warepublikan 105 walikuwemo kwenye hizo 311. Yani wapo wenye aibu, tusiwafute.

Mimi kinachoniudhi ni yale yasiyo kosa kisheria kabisa. Mbunge anakaa kwenye kamati anasikia mambo ya makampuni kabla yetu, na bado anaruhusiwa kununua na kuuza hisa za makampuni hayo hayo. Kuna sheria ya 2012 inamtaka atangaze ndani ya siku 45, akichelewa faini ya kawaida ni dola 200, sasa kwa mtu anayeuza hisa za maelfu na maelfu hiyo si adhabu. Mimi nikipokea zawadi ya pesa kwa mgonjwa nafukuzwa kazi siku hiyo hiyo! Na miswada ya kuwakataza imeletwa mara nyingi tu, ya vyama vyote viwili, inakwama njiani kabla ya kuwa sheria.

Fundi_Dallas
Dada swali lako hapa Texas lina jibu lake. Sehemu nyingi mshindi wa uchaguzi mkuu wa Novemba anajulikana mapema kwa sababu mipaka ya maeneo ya uchaguzi inachorwa na wanasiasa wenyewe. Agosti 2025 hapa wameichora upya ili Warepublikan waongeze viti vitano, Novemba California nao wakapitisha ya kwao ili Wademokrati wafidie. Na Mahakama ya Juu ilishasema 2019 kwamba mahakama za shirikisho hazitaingilia kesi za namna hiyo. Kwa hiyo mbunge hakuogopi wewe, anaogopa mchujo wa ndani ya chama chake, yaani ule uchaguzi wa kumpata mgombea wa chama, ambako wanaojitokeza ni wachache na wengi ni wale wakali wakali.

Nenda kwenye mchujo. Texas hujiandikishi chama, unafika kituoni unachagua mchujo wa upande upi upige. Ukishachagua mmoja huwezi kupiga na wa pili, hata ikitokea duru ya marudio unabaki upande ule ule.

BintiPangani
Asanteni sana, hili la mchujo sikulijua kabisa, nilidhani lazima uwe na kadi ya uanachama kama nyumbani. @Nesi_Ohio hizo taarifa za hisa mtu wa kawaida kama mimi naweza kuziona?

Nesi_Ohio
Unaziona mamaa, ni bure. Ingia tovuti ya Karani wa Bunge la Wawakilishi, andika jina la ukoo la mbunge wako na mwaka, zinashuka zote. Maseneta wana ya kwao. Zile fomu kiasi kinaandikwa kwa makadirio, kuanzia hapa mpaka hapa, usishtuke ukikosa namba kamili. Ukikwama njoo inbox tuzisome pamoja, Jumapili niko ofu.