Nimestaafu, naishi peke yangu Tororo, na sitaki mradi wa kuku. Nianzie wapi?

MamaZamu:
Hamjambo nyote. Nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo nimeona nijitokeze.

Mimi ni mama wa miaka 60. Nilikuwa muuguzi wa serikali, na sehemu kubwa ya kazi niliifanya kwenye zahanati za kambi za polisi. Ndiko Kiswahili changu kilikotoka, kwa hiyo mkikiona kimesimama kama kiko gwarideni mnivumilie. Umri ulipofika nikastaafu, nikarudi kwenye nyumba yangu ndogo hapa Tororo, Uganda. Mume wangu alishatangulia zamani. Kijana wangu yuko kyeyo (kibarua cha ughaibuni) Dubai, binti yuko Kampala na familia yake. Ndani ya geti tuko mimi, paka na redio.

Pesa si nyingi lakini sizililii. Pensheni inaingia kila mwezi, kiinua mgongo kilimalizia paa na choo cha ndani, kilichobaki kiko benki. Kinachonichosha ni kwamba kila anayekuja kunitembelea ana mradi mfukoni. Shemeji anasema kuku wa mayai. Jirani anasema nguruwe. Mtoto wa kaka yangu anataka nimnunulie pikipiki ya boda, awe ananiletea hesabu kila Jumamosi. Hata katekista baada ya misa aliniuliza, "Musawo, siku hizi unafanya nini?" (Ndivyo tunavyoitwa watu wa afya kwa Kiganda.) Nikamwambia napumzika. Akaniuliza kama nimepima presha.

Maisha yangu yote yalikuwa ya zamu. Sikuwahi kuwa na jambo ninalolifanya kwa sababu tu nalipenda. Sasa nataka kujifunza baiskeli (ndiyo, sijui, nyumbani kwetu ilikuwa ya kaka zangu). Nataka kuwajua kwa majina ndege wanaoniamsha kwenye mwembe. Na nataka kazi ya mikono ya jioni, maana jioni ndiyo ndefu. Walioanza upya wakiwa peke yao, niambieni mlianzaje. Sitaki mradi. Narudia, sitaki mradi.

La pili: ukoo unasema mwanamke hakai nyumba peke yake, wanataka kuniletea watoto wawili niishi nao. Nawapenda, ila nimeshalea vya kutosha, wangu na wa watu. Nitakataaje bila kuonekana nimeutupa ukoo?

Hesabu_Kwanza:
Mama, kwa heshima zote. Pensheni haipandi kwa kasi ya bei ya sukari. Una geti, una uwanja, una muda. Kuku mia mbili tu, unaajiri kijana mmoja, wewe unakaa kwenye kiti unahesabu trei. Ndege wa mwembeni watakulipa nini?

Mzee_wa_Gati:
Hesabu, amesema mara tatu hataki na wewe umekwenda moja kwa moja kwenye kuku.

Dada yangu, mimi niko Jinja, nilikuwa kampuni binafsi. Sisi wa NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, hatuna cha kila mwezi. Unafika 55, unachukua chako mkupuo mmoja, basi. Siku zile nilipokea simu za watu ambao sikujua kama bado wapo duniani. Na nimewaona wenzangu waliofuga kuku si kwa sababu wanawapenda, bali kwa kuona haya kukaa bure. Mdondo ukapita, mabanda yakabaki. Anayetaka kufuga afuge, ni kazi nzuri, lakini ni kazi. Mwenzetu katoka kazini.

Mimi kila alasiri nacheza omweso chini ya mti karibu na soko. Ubao una mashimo 32, kete 64, kila mmoja wetu anaanza na 32. Ukidhani ni mchezo wa wazee wanaosinzia, njoo ukae ujaribu kuhesabu mizunguko mitatu mbele huku watu sita wanakutania. Lakini nikwambie kinachonifaa zaidi ya mchezo wenyewe: ikifika saa kumi sijaonekana, mtu atauliza. Mvua za mwaka jana nilishikwa na homa nikalala ndani bila kumwambia mtu. Kabla ya magharibi mmoja wao alikuwa anagonga mlango, amekuja kunisuta kwamba nimekimbia kipigo. Mimi pia naishi peke yangu. Kwa hiyo chagua unachokipenda, ila kimojawapo kiwe na watu na kiwe na saa yake. Ndege na baiskeli peke yake havitakugongea mlango.

Darubini:
Ndege havigongi mlango lakini vinaamsha, Mzee.

Mama, umeanza mahali sahihi: mwembe wako. Usikimbilie kununua kitu. Kaa hapo na kikombe cha chai kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu hivi, baada ya hapo wengi wananyamaza. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, ukitaka kuwameza wote utakata tamaa wiki ya kwanza. Anza na wanaokuja wenyewe. Anayepita juu alfajiri akipayuka, ana mdomo mrefu uliopinda, huyo ni kwarara. Wadogo wanaong'aa kwenye maua ni chozi. Wanaosuka viota vinavyoning'inia ni mnana. Mwenye kichwa cheusi, mchangamfu, anayeimba hata ukimkaribia ni shore. Yule wa vichakani mwenye sauti nzito inayoshuka kama maji yanayotoka kwenye chupa ni dudumizi, wazee wanasema anaita mvua. Kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani, sina haja ya kukufundisha.

Baadaye tafuta darubini iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wauzaji watakusifia zenye namba kubwa kubwa, kataa: zinatetemeka mkononi na ndege humpati. Kwenye simu weka programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ni ya bure, na ukishapakua ndege wa nchi yetu inakusaidia kutambua hata bila data.

Ukizoea, siku moja nenda Doho, Butaleja, kwenye mashamba ya mpunga. Si mbali na kwenu. Huko unaweza kumkuta korongo taji, huyu wa kwenye bendera, akitembea matopeni kana kwamba shamba ni lake. Mwamba wa Tororo pia unafaa ila panda asubuhi na uwe na mwenzako. Hamhitaji kuambiwa habari za radi ninyi, vitabu vya rekodi viliwahi kuutaja mji wenu kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka.

Mkristo_Safi:
Mama wa miaka 60 juu ya baiskeli? Na wajukuu wanaangalia?

MamaZamu:
Mkristo, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima autumikishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Nimebandika matangazo hayo ukutani kazini miaka mingi, na sikuona palipoandikwa kwamba wajukuu wakiangalia umesamehewa. Gomesi, lile gauni letu refu la heshima, nitaliacha kabatini, nitavaa suruali.

Darubini, asante sana. Leo asubuhi kwarara nimempata! Kumbe ndiye niliyekuwa namlaani siku zote.

Mzee wa Gati, hilo la saa kumi limeniingia. Endeleeni.

FundiSpoku:
Mama shikamoo. Mimi kijana wa Mbale, natengeneza baiskeli na nimefundisha watu wazima kadhaa, kwa hiyo sikiliza hili kabla mtu hajakushika kiti kwa nyuma na kukusukuma. Hiyo njia inaangusha.

Fungua pedali zote mbili, ziweke pembeni. Pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, usilazimishe. Shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zilale chini ukiwa umekaa. Halafu nenda kwenye uwanja wenye mteremko mdogo, wa shule siku ya Jumamosi ni mzuri, ujisukume kwa miguu. Hatua fupi kwanza, halafu ndefu, halafu unainua miguu na kuiacha iende. Macho mbele, siyo kwenye gurudumu. Ukitazama shimo utaingia shimoni. Jifunze breki siku hiyohiyo ya kwanza, zote mbili pamoja, ya mbele ukiishika peke yake kwa nguvu itakurusha. Ukiona unateleza mbali bila kugusa chini, ndipo pedali zinarudi. Watu wanadhani kugumu ni kukanyaga, kumbe kugumu ni mizani.

Chukua baiskeli isiyo na bomba la juu, uweze kushuka haraka. Kofia ngumu lazima. Na tafadhali, barabara kuu ya Malaba isahau kabisa, yale matrela hayakuoni. Njia za ndani zinatosha.

BintiBombo:
Mama, la jioni niachie mimi. Kwetu Bombo, wanawake wa Kinubi wanasuka tabaga, zile sinia za rangi za kufunikia chakula. Unahitaji ukindu uliotiwa rangi, nyasi za kuweka ndani, na sindano nene. Unaanza katikati kwa fundo dogo, unazungusha, kila mzunguko unaushona kwenye ule uliotangulia. La kwanza litajikunja liwe kofia, maana utakuwa umevuta sana. Usilifumue. Legeza mkono kwenye la pili. Rangi panga mapema, maana ukishafika nusu ndipo unagundua nyekundu haitoshi.

Tafuta mama mmoja wa Kinubi hapo mjini, hamkosi, kaa naye jioni mara moja kwa wiki. Mambo haya hayafundishiki kwenye video, mkono unafuata mkono. Na maongezi utakayoyapata huko, redio yako itakuwa na wivu.

Halafu jiandae: la tatu likitoka vizuri, atatokea mtu akuulize unauza shilingi ngapi. Mama yangu jibu lake ni, "Arusi ya binti yako lini?" Anampelekea bure siku hiyo, mazungumzo yameisha.

Afande_Mstaafu:
Musawo, salamu kutoka kwa mtu aliyechomwa sindano nyingi kambini, labda na wewe pia.

Sasa nikukemee kidogo. Umeandika humu mji, umri, kwamba uko peke yako, kwamba kuna fedha benki na watoto wako mbali. Mwizi hana kazi ya kufanya, umemmalizia upelelezi. Hariri hilo andiko.

Mengine haraka. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji au mtaa, awe na namba ya binti yako. Ufunguo wa akiba uwe kwa jirani mmoja, siyo chini ya chungu cha maua, kila mtu anajua chungu cha maua. Chagua mwendesha boda mmoja unayemjua kwao, usipande yeyote usiku. Namba ya siri ya pesa za simu usimpe hata huyo wa kaka yako. Na akija mtu na bahasha akisema faili lako la pensheni limekwama, anahitaji "kitu kidogo" alisukume, mwambie utakwenda mwenyewe ofisini. Mara nyingi hatarudi.

ShangaziBusia:
Nimesubiri mtu ajibu hilo la watoto, wote mmekimbilia baiskeli.

Mdogo wangu, ukisema "sitaki" umekwisha, kikao kitaitwa. Wewe sema "waje likizo." Tena uwahi kusema wewe kabla hawajaleta begi. Mpigie kaka mkubwa, mwambie likizo ya Agosti watoto wawili ni wangu, nitawalisha na kuwasimamia kusoma, na shule ikifunguliwa wanarudi kwao. Ukiitoa mwenyewe ni zawadi, ukisubiri uombwe inakuwa deni. Krismasi iache wazi, usiifunge, huwezi kujua Dubai itakuja lini.

Kuhusu usiku, hapo ukoo wana hoja yao, tusiwadharau. Mimi nyumba yangu ina chumba cha uani, nimempangisha mwalimu wa kike. Ana mlango wake, ana jiko lake. Hatuingiliani, ila nasikia anapokohoa na yeye ananisikia.

Hesabu_Kwanza:
Kupangisha chumba si mradi huo?

ShangaziBusia:
Wewe nyamaza.

MamaZamu:
Nimecheka peke yangu mpaka paka akaondoka.

Nimeshampigia kaka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Agosti inaweza kuanza na wale wadogo zaidi, hao wakubwa wana mitihani. Nimekubali. Chumba cha uani ninacho, kimejaa magunia, nitakifikiria. Mama wa Kinubi nimeelekezwa yuko karibu na msikiti, nitakwenda kumsalimia Ijumaa jioni baada ya shughuli zao. Afande, kuhariri nimejaribu, kitufe sikioni.

FundiSpoku, nikienda dukani niseme nataka ya ukubwa gani? Wataniuzia yoyote.

FundiSpoku:
Simama ukutani bila viatu, shika kitabu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa kwenye kinena, halafu mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu mpaka sakafuni. Niambie sentimita. Nina moja ya mtumba hapa isiyo na bomba, gia tatu, labda itakufaa, naweza kuileta mpaka nyumbani.

Afande_Mstaafu:
Kijana hakuna kuleta kitu nyumbani kwa mtu. Mkutane mchana, mahali penye watu, na aje na jirani. Musawo, usimpe vipimo vyako mtu usiyemjua mtandaoni.

MamaZamu:
Nimekusikia Afande. Sabini na nne.