Ushauri: mama mdogo ana kidonda cha kisukari, mjomba kaleta mtu wa ruba

Kijana wa Kisosora: Wakuu, habari za jioni. Mama mdogo ana kisukari na kidonda kidole gumba cha mguu. Pembeni kimekuwa cheusi, kinanuka. Hospitali walitaja kukata, tangu hapo hataki hata kusikia. Sasa mjomba kapata mtu Ngamiani mwenye ruba kwenye chupa, wanyonye "damu chafu". Advansi kashatoa. Mama anameza dawa za sukari na aspirini ndogo. Mnashaurije?

Binti Makorora: Ruba si uchawi jamani. Bibi yangu kaumikwa damu kwa chuku miaka yote na kazeeka vizuri. Wazungu wenyewe wanawatumia.

Nesi Mstaafu: Binti, kweli wanawatumia. Marekani waliruhusu ruba na funza mwaka 2004. Ila angalia wanamweka wapi. Mtu kakatika kidole, kimeshonwa, damu inaingia lakini haipati njia ya kurudi, kidole kinavimba na kubadilika rangi. Hapo ruba anapunguza iliyotuama mpaka mishipa ijiunge. Mguu wa kisukari mara nyingi ni kinyume chake, damu haifiki. Hicho kidogo kinachofika umpe mdudu? Tena mate yake yana hirudini inayozuia damu kuganda, akishaachia panavuja masaa, na mama yupo kwenye aspirini. Tumboni ana bakteria wa Aeromonas, ndiyo maana hospitali hutoa na antibayotiki, na ruba wa mgonjwa mmoja hahamishiwi kwa mwingine. Hao wa chupa wametoka mguu wa nani?

Pweza Mkavu: Na funza je? Nasikia wanakula nyama iliyooza tu. Nzi hapa soko la samaki Deep Sea tele, bure 😂

Nesi Mstaafu: Usicheke, kwa nyama iliyokufa funza ndio wenyewe, mradi damu inafika mguuni. Daktari Baer wa Marekani aliona Vita ya Kwanza majeruhi waliolala porini siku kadhaa, vidonda vimejaa funza, chini nyama nyekundu safi. Alipowajaribu hospitalini baadaye, baadhi ya wagonjwa walipata pepopunda, ikabidi mayai ya nzi yasafishwe kwanza. Leo ni mabuu wa nzi wa kijani, wanafugwa maabara, wanafungiwa kidondani siku mbili tatu kisha wanatolewa. Nzi wa sokoni anakuja na uchafu wake, na Afrika tunaye nzi aitwaye Chrysomya bezziana ambaye buu wake anakula nyama hai.
Kijana, mpelekeni Hospitali ya Bombo kesho, msingoje wiki iishe. Wapime mapigo ya damu mguuni. Na muulizeni daktari anataka kukata nini, nyama iliyooza au kidole chenyewe. Wengi hukimbia bila kuuliza hilo.

Kijana wa Kisosora: Shukrani mama. Nimemsomea, kakubali twende asubuhi, ila kasema akisikia habari ya funza anarudi nyumbani. Mjomba ndiyo kanuna, advansi hairudi.

Binti Makorora: Mwambie mjomba awekewe yeye hao ruba, hela isipotee.