Mjadala: Bei iliyokatwa mstari msimu wa korosho ni ujanja wa biashara au udanganyifu?

Mwenye mada, Tandahimba

Novemba mjomba wangu alishuka mjini na hela ya korosho kutafuta mabati. Akarudi na sabufa. Namuuliza, ananijibu: "Imeshuka toka laki nne hadi laki mbili na themanini, ningeiachaje?" Kadi ilikuwa bado inaning'inia kwenye waya: 400,000 imekatwa kwa kalamu nyekundu, chini yake 280,000 kwa maandishi makubwa. Agosti niliiona mwenyewe, duka hilohilo, kwa 260,000. Imepanda, mjomba kaiona imeshuka.

Si kwamba hajui hesabu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio lao la gurudumu la namba lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Likishasimama, watu wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliopata 10, makadirio yao ya kati yalikuwa 25. Waliopata 65, yakawa 45. Namba isiyohusika kabisa iliwavuta. Sembuse laki nne iliyobandikwa kwenye bidhaa yenyewe, mbele ya mtu aliyesubiri mnada wa korosho mwaka mzima!

Mimi nasema ni udanganyifu, uzuiwe.

Mwenye duka, Masasi

Ndugu yangu, kwetu bei ya kwanza haijawahi kuwa bei. Hata mama wa mihogo anataja elfu mbili akijua atapokea elfu moja na mia tano. Msimu wenyewe ni miezi michache, baada ya hapo tunakaa tunatazama barabara. Nisipoweka bango, nisipokodi gari la spika, mteja anaishia kwa jirani.

Mama wa Lindi mjini

Mimi nashawishiwa kila siku na silalamiki. Muuza samaki wangu akishanipangia fungu, anatupia vibua viwili juu bila kuombwa. Basi naona haya kumpita, hata siku mwenzake ana bei nafuu. Najua ananivuta, lakini vibua nimevila. Hiyo laki nne, nani aliwahi kuilipa?

Mwenye mada

Mama, hapohapo. Kaka wa Masasi, kwenye mihogo kuna midomo miwili, naye anajua nitamwomba apunguze. Bei iliyokatwa inamfunga mteja mdomo, anadhani ameshapunguziwa. Mjomba hakuomba hata shilingi mia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Naomba kimoja tu: anayekata mstari awe na risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zinazoonyesha aliwahi kuuza kwa bei ile ya juu.

Mwenye duka, Masasi

Risiti za mwezi gani? Mzigo wa Aprili na wa Novemba haunifikii kwa nauli moja. Ukisema miezi mitatu nyuma, hapo tuzungumze.