Mashine za gemu za kukodi Tanga: zifungwe DPI 800 zote?

Hoja: Mabanda ya gemu Ngamiani yafunge vipanya vyote DPI 800, yaani kipanya kitume nukta 800 kwa kila inchi ya mwendo wake. Mteja abadili sensi (kizidishio cha kasi ya kugeuka) ndani ya gemu tu. Mnasemaje?

Mwana wa Makorora: Naunga mkono. Mashine ya kukodi ni waja leo waondoka leo. Mmoja akibonyeza kile kitufe nyuma ya gurudumu kutoka 800 kwenda 1600, anayefuata sensi yake imezidi mara mbili na skrini haimwambii kitu. DPI ikitulia, kuhamisha ni kugawanya tu: kwa sensi 1, Counter-Strike huzungusha digrii 0.022 kwa kila nukta ya kipanya, Valorant 0.07. Ukitoka Counter-Strike kwenda Valorant gawanya sensi yako kwa 3.18, mwenye 1.2 aweke 0.377. Apex ni 0.022 vilevile, hubadilishi. Overwatch ni 0.0066, hiyo 1.2 inakuwa 4.

Chumbageni B: Kaka, hesabu zako sawa, ila 800 ya kwenye boksi si lazima iwe 800 mezani. Pima. Counter-Strike kwa DPI 800 na sensi 1, kugeuka mzunguko mzima wa digrii 360 ni kusukuma kipanya sentimita 52 hivi. Meza zetu hazina nafasi hiyo, basi weka sensi 2 kwa muda: iwe 26. Bandika rula, lenga pembe ya mlango, sukuma polepole bila kunyanyua mpaka urudi pembe ileile. Ukirudi kwa 25, kipanya hicho ni cha 830. Kukifunga hapo ni kufunga kosa.

Mwana wa Makorora: Afadhali kosa lisilohama. Sensi atapunguza mara moja, basi.

Raskazone: Mnafungaje lakini? Kipanya chenye kumbukumbu ya ndani, ingia kwenye programu yake ufute hatua nyingine zote za DPI, kitufe kitabaki bila kazi. Vile vya bei rahisi havina programu. Rangi ya taa ya kipanya ndiyo ishara ya DPI iliyopo, na kila aina ina rangi zake. Andikeni karatasi mezani. Halafu ile tiki ya Windows ya kuboresha usahihi wa kielekezi iondoke: ikibaki, kwenye gemu za zamani zinazopitia Windows ukisukuma haraka unazunguka zaidi, na rula ya Chumbageni haina maana tena.

Dada Mwanzange: Nyote mmeishia kwenye mzunguko. Kwenye skopu je? AWP, bunduki ya skopu ya Counter-Strike, zumu ya kwanza upana wa kuona hushuka kutoka digrii 90 hadi 40, na gemu hupunguza sensi kwa 40/90. Picha haikui kwa uwiano huo, inafuata tanjenti ya nusu pembe. Ndiyo maana kwenye skopu mkono unapitiliza. Kizidishio cha zumu kitoke 1 kiwe 0.819.

Chumbageni B: Hicho mteja aachiwe, dada. Kuna waliozoea 1 miaka.

Wa Barabara ya 8: Na sisi wa 400?

Raskazone: Gawa sensi kwa mbili. 2 kwa 400 ni 1 kwa 800.