Michezo ya taifa ya viziwi: wawe na yao au waingizwe UMISSETA? Na kwa nini isiwe Tabora?

Mtoto wa Isevya:
Mwangaluka wadau. Hii nimeileta hapa maana kila nikiigusa kijiweni naambiwa hiyo ni kazi ya serikali halafu story inabadilika. Mimi nasema viziwi wa nchi hii wapate michezo yao ya taifa, na sisemi soka peke yake, nasema riadha, soka, wavu, netiboli, basketi, vyote wiki moja na mahali pamoja, na mahali penyewe pawe hapa Tabora. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilianzia hapa mwaka 1963, hilo halina ubishi. Reli inakutana hapa, wa Mwanza, wa Kigoma, wa Mpanda, wa Dar wote wanashuka stesheni moja. Na UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, za 2022 zilifanyika hapa hapa, watoto nchi nzima walilala wakala wakacheza, kwa hiyo suala la kambi lisituchoshe.
Najua kuna wa kusema waingizwe UMISSETA yaishe. Kwa watoto wa shule sawa, UMITASHUMTA wameshaweka soka maalumu na riadha maalumu na nawapongeza. Sasa akimaliza shule? Watumishi wa wizara wana SHIMIWI yao, majeshi wana yao, kijana kiziwi anayeshona viatu sokoni ana mbio zake nzuri tu, anakimbilia wapi? Majirani zetu Kenya wanarudi na medali za Deaflympics, ile michezo ya dunia ya viziwi, sisi tumekaa. Karibuni tujadili, wawe na yao au wachanganywe.

Mzee wa Cheyo:
Kijana hoja yako ina nia njema lakini unatenga watu. Miaka yote tunaimba elimu jumuishi, mtoto kiziwi akae dawati moja na wenzake, leo mnamtoa mnamtengenezea cha peke yake. Kiziwi ana miguu miwili na mapafu mazima, kwani mtu anakimbia kwa masikio? Aingie na wote, akishinda ashinde mbele ya wote. Na hivi vitu vikianzishwa tunajua vinakoishia, kamati ya watu wanaosikia wanagawana posho, walimu wanaojifanya wakalimani ndio wanasafiri, viziwi wenyewe wanaambulia fulana.

Mwalimu wa Kasulu:
Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nasoma nipite lakini hapo kwenye walimu wanaojifanya wakalimani nimeshindwa kupita. Mimi nafundisha watoto viziwi. Mtoto akiugua usiku mkalimani wa zahanati ni mimi. Mtoto akifiwa na baba yake wa kumweleza ni mimi, maana anarudi nyumbani kwao hakuna hata mmoja anayejua alama za kumwambia baba hayupo tena, wanamwonyesha kaburi tu. Hiyo posho sijawahi kuiona. Umetukosea sana mzee.

Mzee wa Cheyo:
Marahaba mwalimu. Sikukutaja jina wala wilaya. Nimerusha jiwe gizani, sasa wewe mbona unalia?

Mwalimu wa Kasulu:
Nalia kwa sababu hapo gizani unaporusha ndipo ninapofanyia kazi, mzee.

Dada wa Kanyenye:
Mzee wa Cheyo umeuliza kama mtu anakimbia kwa masikio, ngoja nikujibu mimi. Mdogo wangu alipoteza usikivu akiwa mdogo kwa homa ya uti wa mgongo. Kuna mashindano, shule siitaji, wakampanga mita 100 na wanaosikia, njia ya pembeni kabisa, mwenye bastola kasimama nyuma yao. Hamuoni. Kwa hiyo mtoto ameinama pale kapinda shingo anaangalia mguu wa jirani yake, ukiinuka na yeye ainuke, na mtu anayeanza kwa kungoja mguu wa mwenzake ameshaachwa hatua nzima kabla hajanyanyuka. Mara ya kwanza kuna mmoja akachomoka mapema, ikapigwa bastola ya pili kuwarudisha, wote wakasimama isipokuwa yeye. Amekimbia peke yake mita zote 100, kifua mbele, kafika kwenye mstari anageuka huku anacheka anatafuta nani wa pili. Uwanja mzima unamcheka. Alipoelewa wanacheka nini akabandua namba kifuani akaiweka chini, mbio ikarudiwa hayumo, na mpaka leo ukimtajia riadha anaondoka. Sasa ndiyo mzee wangu, mbio zinaanzia masikioni.

Mdau wa Riadha:
Pole sana dada. Na kinachouma ni kwamba dawa yake ni ya bei ndogo. Kwenye Deaflympics mkimbiaji anawekewa taa chini mbele yake, nyekundu anakaa kwenye alama, njano anajiweka tayari, kijani anaondoka. Soka refa anabeba bendera kama ya mshika kibendera, anaipunga wote wanasimama. Kwenye wavu mwamuzi akitaka kusimamisha anautikisa ule wavu wenyewe, macho yote yapo pale. Hakuna kitu hapo kinachohitaji mfadhili kutoka nje.

Ujiji Kwetu:
Jamani kwani hawa si wanaenda Paralympics, ile michezo ya dunia ya wenye ulemavu? Tembo Warriors si walifika robo fainali ya dunia kule Uturuki? Njia si ipo tayari, mnataka kuanzisha kingine cha nini?

Mdau wa Riadha:
Ndugu umechanganya madawa. Tembo Warriors ni timu ya soka ya waliokatwa viungo, ni kweli 2022 walifika robo fainali na walituheshimisha, lakini ile ni Kombe la Dunia lao, siyo Paralympics na siyo viziwi. Viziwi Paralympics hawamo kabisa. Wao wana Deaflympics, ilianza Paris 1924, ni ya zamani kuliko hiyo Paralympics yenyewe, na 2025 imefanyika Tokyo. Uongozi wao wa kimataifa ulijitoa kwenye kamati ya Paralympics mwaka 1995 wakasema tunajitegemea. Kwa hiyo Mzee wa Cheyo unaposema tunatenga watu, viziwi wenyewe wa dunia ndio waliochagua hivyo.
Ila Isevya na wewe jipange kwenye jambo moja, mamluki. UMISSETA kwenyewe kila mwaka kelele za mamluki, hapa watakuja watu wazima wanaosikia vizuri kabisa wanajifanya hawasikii. Kimataifa kipimo ni kwamba sikio lenye nafuu liwe limepoteza angalau desibeli 55, na ukiingia uwanjani shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, unavua. Bila kipimo mtagombana siku ya kwanza.

Mwalimu wa Kasulu:
Kipimo hicho nitakipata wapi kwa watoto na vijana wa Kasulu na Kibondo? Mashine ziko hospitali kubwa, Bugando, Muhimbili. Mnaweka sharti ambalo wa Dar atalitimiza asubuhi na kurudi kazini, wa huku auze mbuzi. Mngefikiria mashine iletwe kambini ipime wote siku mbili kabla ya mechi.

Mdau wa Riadha:
Hilo la kupimia kambini naliunga mkono asilimia mia.

Ujiji Kwetu:
Sawa nimeelewa la Paralympics. Lakini naona mnaongea kama Tabora imeshapitishwa na Baraza la Michezo. Nani kapitisha? Kigoma tuna uwanja wa Lake Tanganyika, tuna ziwa, hata kuogelea kunawezekana, mwanamichezo akitoka mazoezini anakula mgebuka wa leo na ugali wa muhogo. Tabora mtawapa nini, maembe? Maji yenyewe mlikuwa mnanunua kwa dumu.

Mtoto wa Isevya:
Ujiji hiyo habari ya maji ni ya zamani, maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora mjini na Igunga na Nzega, fungua bomba uone. Na kuogelea ziwani unamaanisha nini, uweke njia za kuogelea kwenye mawimbi ya Tanganyika? Michezo ya watu wasiosikia king'ora cha mwokoaji unawatupa kwenye ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400? Fikiri ndugu yangu.

Ujiji Kwetu:
Usinitukane kwa sababu nimetaja ziwa. Sisi tunaogelea humo tangu watoto. Kila kitu cha magharibi lazima kiishie Tabora, mashindano Tabora, makao Tabora, sisi tunabaki kuwa mwisho wa reli. Hiyo reli imefika Kigoma tangu 1914, treni ikitoka Tabora inafika kwetu pia, haivunjiki njiani.

Bibi wa Ng'ambo:
Wajukuu zangu mnabishana mgebuka na maembe, aliyeongelea mdogo wake hakuna aliyempa hata neno la maana isipokuwa mmoja. Dada wa Kanyenye mdogo wako ana umri gani sasa? Angekubali kurudi?

Dada wa Kanyenye:
Bibi shikamoo. Ni mkubwa sasa, anafanya useremala. Kurudi sijui. Nimemwonyesha huu mjadala, kasoma mpaka hapo pa mzee wa Cheyo akarudisha simu.

Mkono Unasema:
Nimesoma yote. Mimi ni kiziwi. Nimesoma shule ya viziwi hapa Tabora. Sasa ni fundi umeme. Mmeongea samaki na maji muda mrefu, sasa nami niseme.
Mzee anasema tuchanganywe. Nilichanganywa. Nilikwenda kambi na timu ya wanaosikia, mkimbiaji wa mita 800. Mchana uwanjani sawa. Usiku wanakaa duara wanacheka, mimi naangalia midomo. Nauliza wamesema nini, naambiwa "nitakwambia baadaye". Baadaye haikuja. Nilipata nafasi ya pili na sikupata rafiki.
Kambi ya viziwi mnajua inahitaji nini? Taa. Umeme ukikatika saa mbili usiku, ninyi mnaendelea kuongea gizani. Sisi maongezi yamekufa mpaka asubuhi. Jenereta kwetu inakuja kabla ya fulana na bendi ya ufunguzi. Hakuna aliyeandika hilo hapa.
Pia alama. Mtu wa Buguruni, Dar, na mtu wa Tabora alama zao zinatofautiana, siku mbili za kwanza watu wanafundishana. Ndiyo maana iwe wiki, siyo wikiendi. Na baadhi ya walimu wanatumia alama za kitabuni ambazo sisi mtaani hatutumii.
La mwisho. Kamati. Mwenyekiti awe kiziwi, katibu awe kiziwi. Wanaosikia wasaidie.

Mwalimu wa Kasulu:
Karibu sana ndugu. Ila hapo kwa alama za kitabuni, kitabu ndicho tulichopewa. Lugha ya Alama ya Tanzania isiposanifishwa mtoto wa Kasulu atafanyaje mtihani wa taifa? Tukifundisha za mtaani tunaambiwa hatufuati mtaala, tukifundisha za kitabu tunaambiwa hatujui. Walimu tumekuwa wa kulaumiwa na kila upande kwenye mjadala huu.

Mkono Unasema:
Mwalimu, sijakulaumu. Nimesema kamati.

Mwalimu wa Kasulu:
Umesema na walimu.

Mzee wa Cheyo:
Mnaona sasa, kiziwi mwenyewe kasema kamati iwe ya viziwi. Mimi nilisema nini pale juu kuhusu kamati za wanaosikia na posho?

Dada wa Kanyenye:
Mzee wewe ulisema wachanganywe! Usijipachike kwenye hoja ya huyu kaka. Na lile la mita 800 na nafasi ya pili hujalijibu.

Mzee wa Cheyo:
Binti nimelisoma na limeniingia. Bado nasema shule za msingi wachanganywe wazoeane wakiwa wadogo, hao waliokuwa wanacheka kwenye duara wangefundishwa alama utotoni wasingemwacha mwenzao anaangalia midomo. Kwa watu wazima wawe na yao, hapo sitabisha tena. Lakini hesabu za fedha zibandikwe ukutani, shilingi kwa shilingi, kiziwi au anayesikia, posho haina sikio.

Mdau wa Riadha:
Sasa turudi kwenye kazi. Mkono Unasema, wewe ni fundi umeme, hizo taa za kuanzishia za njia nane unaweza?

Mkono Unasema:
Ndiyo. Betri ya sola, taa tatu kila njia, waya, swichi moja kwa mwanzishaji ili zote ziwake pamoja. Zikitofautiana kidogo tu umemwibia mtu. Nitatengeneza ya njia mbili kwanza tujaribu. Lakini sitengenezi halafu niambiwe asante fundi nenda. Naingia kamati.

Dada wa Kanyenye:
Ukijaribu hiyo ya njia mbili niambie siku. Nitamleta mdogo wangu, hata asipokimbia abonyeze swichi.

Mtoto wa Isevya:
Basi tuitishe kikao cha kwanza, viziwi wa Tabora, Kigoma na Katavi, watu wa riadha, walimu wawili watatu. Mchana, ukumbi wenye madirisha, wakae duara waonane mikono. Ajenda ya kwanza barua kwa Baraza la Michezo na kwa CHAVITA, chama cha viziwi, ajenda ya pili jenereta.

Ujiji Kwetu:
Kikao kiwe wapi? Maana kama ni Tabora tena, nauli ya viziwi wa Kigoma, Kasulu na Kibondo nani analipa? Na mimi wa kwetu Ujiji ninaowajua wanaocheza soka vizuri mno ni wavuvi, wanatoka ziwani alfajiri, mkiweka siku ya mbalamwezi ndiyo hawaingii majini, hapo mtawapata wote. Wekeni siku hiyo.