Tupeane uzoefu: Mliojenga kidogo kidogo, mlifikaje kwenye kuezeka?

Mlinzi wa Chanika:
Wakuu, salaam. Kila nikipita Kivule au huku kwetu Chanika, pembezoni mwa Dar, naona maboma, nyumba zilizoishia njiani: kuta zimefika kwenye linta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), mpapai umeota chumbani. Kila boma lilianzwa na mtu mwenye nia. Jirani yake kuna kijumba kimeezekwa, taa inawaka, na ukimdadisi mwenyewe unakuta kipato chake hakimzidi yule wa boma. Nataka tusimuliane tulivyofanya hasa. Mawaidha tuyaache.

Naanza mimi. Kiwanja nilinunua 2013, hatua 20 kwa 20, nikiwa mlinzi wa usiku. Miaka miwili sikufyatua hata tofali moja. Nilikuwa naweka pesa, nikisema zikifika milioni tano naanza msingi. Hazikufika. Zikianza kuonekana, mara mgonjwa, mara msiba, mara ada. Sinywi pombe wala sina starehe za kunimaliza. Ila pesa ikikaa kama pesa, kila mwenye shida anaiona yake, na mimi mwenyewe nilikuwa naiona hivyo hivyo.

2015 fundi mmoja wa mtaani akaniambia niache kuhesabu milioni, nihesabu mifuko. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali 30 hivi za inchi 6 ukitaka tofali la kueleweka. Anayekuahidi 50 anakufyatulia mchanga. Basi kila mwisho wa mwezi nikawa nanunua mifuko miwili. Jumamosi nafyatua na kijana mmoja, halafu wiki nzima mke wangu anamwagilia asubuhi na jioni. Hapo kwenye maji wengi wanapuuza, na ndipo tofali linapopatia nguvu. Ukiliacha likaukie juani siku ya pili, utalivunja kwa mkono.

Miezi 26 nikawa na tofali 1,500 na kitu. Hakuna ndugu aliyewahi kuja kuniazima tofali. Na kuna jambo sikulitegemea: nilipokuwa nawaza milioni tano nilikuwa nalala na mawazo, lakini tangu nianze mifuko miwili, nikitoka lindo asubuhi nilikuwa najua cha kufanya. Leo ni mwaka wa tano tangu tuhamie.

Binti Pongwe:
Asalaam aleikum. Mimi niko Muscat, Oman, kazi za ndani, mwaka wa sita. Miaka miwili ya mwanzo nilimtumia pesa mtu wa nyumbani anijengee. Picha zilikuwa zinakuja kila mwezi, nyumba inapanda. Nilipokwenda likizo Tanga nikakuta msingi tu, na nyasi juu yake. Zile picha zilikuwa za nyumba ya watu.

Safari ya pili nikabadilisha utaratibu. Pesa ya vifaa naituma dukani moja kwa moja, na mwenye duka anampa fundi mzigo kwa orodha yangu. Fundi analipwa kwa hatua: msingi, kuta hadi linta, kupaua. Kabla ya kila malipo ananipigia kwa video akiwa amesimama pale pale, na namwambia anionyeshe mwembe wa jirani ili nijue ndipo.

Lakini nilichotaka kusema ni kingine. Nilikuwa namjengea mama asilowe tena. Akafariki kuta zikiwa kwenye madirisha. Mwaka mzima sikutuma hata shilingi. Kila nikishika simu mkono unakufa. Niliporudi kwenye ujenzi nilirudi kwa ajili yangu mwenyewe, na ilinichukua muda kukubali kwamba hiyo nayo ni sababu ya kutosha. Tuliezeka Rajabu iliyopita.

Fundi Kibaha:
Pole sana dada yangu, Mungu amrehemu mama.

Kwa upande wetu mafundi, maboma mengi yanakufa siku ya kuchora msingi. Mtu ana uwezo wa vyumba viwili, anachora vinne na masta, chumba chenye choo chake ndani. Ukuta unaweza kuupandisha kozi mbili za tofali ukasubiri mwezi, lakini paa halisubiri. Ni mbao, bati, misumari na ufundi kwa mkupuo. Wateja wangu waliomaliza walianza kununua bati wakiwa bado kwenye msingi, tano tano, geji (unene) moja na rangi moja, wanazihifadhi ndani mahali pakavu. Na ukisimama kwenye linta, funika nondo zilizochomoza. Mvua mbili tatu tu zinashika kutu.

Baba wa Wawili:
Mimi boma langu niliuza. Mwanangu wa pili alizaliwa na tatizo la moyo, na lile boma ndilo lililokuwa na thamani nyumbani kwetu. Mtoto sasa yuko darasa la tatu, anacheza mpira. Bado tumepanga. Mtaani wananiita niliyeshindwa kujenga, na linaniuma, kwa sababu nguvu ile ile niliyoifyatulia tofali ndiyo niliyoipeleka hospitali. Naomba nasi tuhesabiwe humu.

Mlinzi wa Chanika:
Kaka, umehesabiwa. Nilipouliza swali nilikuwa nayatazama maboma yote kama uzembe. Nimekosea, na nashukuru umeandika.

Msusi wa Kivule:
Shikamooni. Nina kiwanja tangu mwaka juzi na nilikuwa kwenye kusubiri milioni kama mkuu hapo juu. Nasuka, kwa hiyo pesa yangu inakuja kila siku kidogo kidogo. Jumamosi nachukua mfuko mmoja. Nauliza tu: mchana niko saluni na nyumbani hakuna wa kumwagilia. Tofali nitazifunika na nini?

Mlinzi wa Chanika:
Marahaba. Magunia, mdogo wangu. Yalowanishe kabisa kabla ya kufunika, na tofali zenyewe ziwe kivulini.